Sauti Iliyonyamaza Siku Kumi na Tisa

Nyumbani, meza ya chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 14, mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote, mko wazima? Kile kikohozi kimekuaga, au bado mnatembea pamoja? Shemeji naye, mgongo umetulia? Binti yako mkubwa ameizoea shule mpya? Sisi huku hatujambo. Mama yuko vizuri. Naliandika hili mapema usije ukaisoma barua yote umeushika moyo. Nimempima presha mwenyewe leo asubuhi: mia moja arobaini na mbili kwa themanini na sita, na bado inashuka.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe huongea, mimi huitikia. Leo nataka kumaliza sentensi zangu.

Kazini wametuhamishia ghorofa ya tatu, na mhariri amenipa kiti cha dirishani, heshima wanayopewa watu wanaokaribia kustaafu. Nikitoka huko bado naandika programu zangu. Sikuzisomea. Najifunza kama nilivyojifunza uandishi wa habari, kwa kukosea na kusahihishwa. Kompyuta ni mhariri mkali kuliko wote niliowahi kuwa nao: ukisahau alama moja, inakurudishia kazi nzima bila hata kukukaribisha kiti.

Programu ya mama unaikumbuka. Niliichukua simu yake ya zamani yenye ufa kwenye kioo, nikafuta kila kitu, nikaiwekea mistari mia mbili na kumi niliyoiandika kwa miezi minane. Saa moja asubuhi na saa moja jioni inasema kwa sauti yangu, "Mama, dawa." Chini kuna kitufe kimoja kikubwa cha kijani cha kubonyeza akishakunywa. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika saa moja kama tunavyoitamka, moja, nikasahau kuwa mashine huanza kuihesabu siku usiku wa manane. Ikamwamsha saa saba ya usiku. Mama akanywa dawa, akavaa, akaketi kusubiri kuche. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba siku hiyo nilikuwa nimewahi sana.

Alisema nimewahi mimi, si simu. Na kila sauti ilipotoka alikuwa akiitikia, "Naam, nimesikia," kisha ananyanyuka kufuata maji. Mimi nilikiona kichekesho, nikapita.

Halafu ikaja ile saa ya mkononi uliyomtumia mama, ndani ya sanduku jeupe. Inapima mapigo ya moyo, inahesabu hatua, inajua mama amelala saa ngapi, vipimo vyote inakutumia wewe huko kwenye simu yako, na muda wa dawa ukifika inatikisika mkononi. Niliisoma karatasi ya maelekezo mara tatu nikitafuta kasoro. Sikuiona. Chaji yake inakaa siku saba, wakati simu yangu ilikuwa inaishi kwa waya ukutani kama mgonjwa.

Mama akaipa jina la bangili. Kila Jumapili wageni wakija aliunyoosha mkono waione. "Mwanangu wa mbali ndiye aliyeniletea," alisema, na lile neno mbali alilivuta. Wa karibu alikuwa juu ya kiti, anabadilisha balbu ya jikoni.

Kilichonimaliza ni ile siku uliyopiga simu ya video ukasema mbele ya watu wote, "Kaka, moyo wa mama sasa hivi unapiga sabini na moja. Ulijua?" Sikujua. Nakaa mitaa miwili kutoka kwake. Tulipokuwa tunarudi nyumbani shemeji yako akaniambia, "Baba watoto, wewe unaionea wivu saa." Nilimjibu kwamba siionei wivu saa, na nilisema kweli. Nilikuwa nakuonea wewe.

Kesho yake, Jumatatu, nilipita kwa mama saa ya chakula cha mchana, akiwa uani anaanua nguo. Nikaichukua ile simu nikaiondoa programu. Haikuchukua hata dakika. Nilijiambia kikumbusho kimoja kinatosha, viwili vitamchanganya. Sababu nzuri haikosekani mtu akiihitaji. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine.

Zikapita siku kumi na tisa.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikampeleka kliniki kama kawaida. Muuguzi alimpima, akampima tena: mia moja themanini na nne kwa mia moja na sita. Akaomba pakiti ya dawa, akavihesabu vidonge mezani kwa ncha ya kalamu. Kati ya thelathini na nane alivyopaswa kunywa siku hizo, ishirini na vitatu vilikuwa bado vipo. Akamuuliza mama kwa upole kama huwa anasahau.

"Sisahau," mama akasema. "Huyu mwanangu alikuwa ananiambia kila asubuhi na kila jioni. Siku hizi amenyamaza. Amenikasirikia, na mimi sijui nimemkosea nini."

Muuguzi akanigeukia. "Kwa hiyo, baba, umenuna wewe, na dawa nazo zimenuna?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na watu wenye vyeo vikubwa zaidi, nikapata jibu. Hapo nilikwepa kwa swali langu.

Nikamuuliza mama kuhusu bangili. Akaeleza bila wasiwasi wowote: imo kabatini, ndani ya sanduku lake, imefungwa kitambaa. Anaivaa wageni wakija na siku unapopiga simu. Kitu cha heshima hakivaliwi jikoni, na tena kikitikisika kinamtekenya. Wewe ulikuwa umeniandikia ujumbe kwamba unaona mapengo kwenye vipimo, labda ni chaji. Mimi nilikuwa nauona mkono wenye saa kila Jumapili, nikajiandikia kichwani kwamba anaivaa wiki nzima. Miaka ishirini nimewaambia waandishi wapya kwamba habari ya chanzo kimoja si habari, na safari hii hata hicho kimoja sikukiuliza. Nilikuwa nimejiambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, ilhali ya karibu nilishaivunja kwa mikono yangu.

Kati yetu watatu, mama peke yake ndiye aliyekuwa na habari sahihi. Nilikuwa nimenuna kweli.

Jioni ile ile niliirudisha programu na kukaa naye kusubiri. Saa moja ikafika, simu ikasema, "Mama, dawa." Mama akaiitikia, kisha akanitazama mimi niliyekuwa kwenye kiti cha pembeni.

"Umepoa?"

Nikasema nimepoa. Akanywa dawa. Tangu hapo hajaruka hata kimoja, na kabla hujauliza, nimevihesabu.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini Jumatano, akiwa ameshika glasi ya maji, aliniuliza kwa nini mwanawe wa mbali haongei humo ndani. Swali hilo nimelificha siku nne. Nililificha kwa sababu zile zile za ile Jumatatu, na tumeshaona zilitufikisha wapi.

Kwa hiyo jirekodi, unitumie. Sema maneno mawili tu, "Mama, dawa." Usitie utani, maana akicheka atasahau maji. Saa yako iache kabatini, usimlazimishe. Inampa raha huko huko iliko. Sauti yako nitaiweka ya jioni. Asubuhi ni yangu, na hilo halina mjadala.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako anasema usikae kimya muda mrefu, na wanao nisalimie mmoja mmoja, mdogo umwambie baba yake mkubwa bado anaiweka ile picha yake mezani. Mola awalinde mnapotoka na mnaporudi, na awape mtu wa kuwaitikia kila mnapoita.

Wako akupendaye, aliyepoa kiasi,

Kaka yako wa karibu