Goti la Fundi Viatu

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku tunajikongoja. Mama ameanza kula, ingawa bado anapakua sahani ya Baba kana kwamba hatujamzika, kisha anairudisha jikoni.

Kwenye simu uliniuliza ugonjwa ulianzaje, nikakujibu kwa mkato. Ulianza gotini. Unakumbuka Baba alivyobana kiatu kati ya magoti ndipo apige misumari. Goti la kulia lilipovimba, sote tulisema ni kazi. Mwenyewe aliwatania wateja kwamba amepigilia visigino vya watu miaka arobaini, sasa goti linadai likizo. Hata daktari wa zahanati aliafiki, akampa dawa za maumivu. Mama akawa anamkanda kwa maji ya moto. Miezi minane ikapita hivyo, paja likikonda na goti likizidi kufura.

Hospitali kubwa walivuta maji gotini kwa sindano, wakakata na kinyama kidogo cha ndani wakapime. Majibu yakaja kwamba ni kifua kikuu cha kiungo. Mama alibisha: mume wake hakohoi, ugonjwa wa kifua umefikaje mguuni? Muuguzi akamweleza taratibu kwamba vijidudu husafiri na damu, na kwamba vidonge huponya vikiwahi. Baba alivimeza kila asubuhi bila kukosa. Lakini ugonjwa ulishapanda kichwani. Wiki ya tano hakututambua tena.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile ya kwanza, daktari wa zahanati aliuliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu. Baba masikio yake yalikuwa mazito, akanigeukia nimjibie. Nikasema, "Hakuna."

Mwaka ule niliowaaga kwamba nimepata kazi mbali, nilikuwa nimepanga chumba, nameza dawa za kifua. Kabla ya hapo nilikohoa miezi mitatu nikilala chumba kimoja na Baba. Nilipona, nikaona haya kusema.

Kesho nitamweleza Mama, maana naye lazima apimwe. Akikupigia simu analia, utakuwa unajua kwa nini. Sikuombi unisamehe leo.

Msalimie sana shemeji. Wabusu watoto, na tafadhali wapeleke wakapimwe. Yule mkubwa, likizo ile mliyokuja nikiwa nakohoa, alilala kitandani kwangu.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho