Vidole Vyangu Dirishani

Kitale, Jumanne, Julai 1992. Mvua tangu saa nane, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye magoti, na mahindi ya upande wa barabara yamelala chini.

Leo sina salamu za kumpa mtu. Daftari hili nilipewa kwenye darasa la ngumbaru ili mkono uzoee kalamu, tukaambiwa tuandike mambo ya siku jinsi yalivyo. Haya. Ya leo ni mabaya.

Nimemharibia mwanangu.

Nimeyaandika hayo nikayaangalia kwa muda. Herufi zimetawanyika kama kuku waliofukuzwa, lakini zinasomeka. Zibaki hapo hapo.

Mwanangu ni Wafula, kifungua mimba, mtu wa miaka arobaini na moja mwenye mke na watoto wanne kule Bokoli. Miaka kumi na saba alikuwa fundi katika kiwanda cha magunia. Mitambo ya kufuma ikiharibika, anaitwa yeye. Alijua gia ya meno mangapi ikikutana na ya meno mangapi gunia litatoka na nyuzi ngapi, na hayo yote alikuwa anayapiga kichwani huku mikono ina grisi. Kiwanda kilipopunguza watu, akaja kwangu akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake wiki mbili, haongei. Halafu akasema anataka kuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari.

Cheti chake cha kidato cha sita kilikuwa bado kwenye sanduku langu, hesabu amepita vizuri. Nikamwambia, kama ni kukaa darasani na watoto wanaolingana na wako, kaa, aibu utaizoea.

Chuo cha walimu kikamchukua. Sasa yuko mwaka wa mwisho, na muhula huu ameletwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari iliyo karibu na boma langu, kwa hivyo analala kwangu. Mwalimu wa chuo anakuja kumkagua akiwa darasani. Akipita, atapata cheti. Asipopita, hakuna kiwanda kinachomngoja, na shamba la Bokoli ni la kupanda sukuma tu.

Hiyo ndiyo hali. Sasa masikio.

Mitambo ya magunia ina kelele ambayo ukiingia mlangoni tu unahisi meno yanacheza. Humo ndani watu huongea kwa mikono. Geuka, ni kidole kuzungushwa. Simamisha, ni ngumi juu. Namba wana namna yao ya vidole. Na mtu akikosea, akikata nyuzi au akitia gia isiyofaa, anajipiga kifua mara mbili ili wenzake wajue kosa ni lake na wasipoteze wakati kuufungua mtambo. Wafula alinifundisha hayo yote zamani akija likizo, tukawa tunachekeshana nayo jikoni.

Sikujua kwamba kwake haukuwa mchezo. Miaka ilivyokwenda, nikawa namwita kutoka nyuma haitiki. Nikadhani ni kiburi. Nilimtukana sana huyo mtoto, Mungu anisamehe, kumbe nilikuwa nautukana mgongo tu.

Ukiwa mbele yake anakusoma mdomo, na unaweza kumaliza naye siku nzima usitambue kitu. Ukiwa nyuma yake, ni kama hujazaliwa.

Fomu ya chuo ilitaka daktari aandike kama macho na masikio ni mazima. Wafula akaniambia, Mayi, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, mimi nitawaambia ukweli. Nikamfokea. Nikamwambia wewe ni mjinga, watu wanatafuta sababu ya kukukataa, halafu wewe unaibeba unawapelekea mpaka mlangoni. Nikampeleka mwenyewe kwenye dispensari moja huko Bungoma, na jogoo mkubwa ndani ya kikapu, kwa sababu daktari ni mtu wa kwetu na huwezi kwenda kwa mtu wa kwetu mikono mitupu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimpima kweli. Alisimama nyuma ya Wafula, akaziba mdomo kwa karatasi, akawa ananong'ona namba ili Wafula azitaje. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, jogoo miguuni. Masikio yangu yanasikia kuku akitaga boma la pili. Daktari aliponong'ona saba, nikaweka vidole saba juu ya leso, kwa namna ya kiwandani, mwili wa Wafula ukinikinga daktari asione.

Wafula aliniangalia. Hakutaka. Nilimwona kabisa kwamba hataki. Nikamkazia macho vile nilivyomkazia akiwa mdogo na dawa ya minyoo iko kwenye kijiko, akasema saba.

Tukazimaliza zote namna hiyo. Daktari akaandika mazima, akapiga muhuri. Njiani kwenda stesheni nilikuwa nacheka peke yangu.

Hapa shuleni wiki za kwanza zilikwenda vizuri, au ndivyo nilivyotaka iwe. Mimi hupeleka maziwa jikoni kwao kila asubuhi, na wapishi wananiita Mama Mwalimu. Kanisani nilishajiita hivyo mwenyewe. Kila mtu nimemwambia, ati mwanangu ni mwalimu wa hesabu, na cheti hata hajapewa.

Halafu watoto wakamgundua. Hawa wa kidato cha pili hawana huruma. Waliona akigeukia ubao hasikii kitu, wakaanza kwa kupiga meza, wakaja kwa miluzi. Mwisho wakavumbua kufungua mdomo bila kutoa sauti, ili yeye asome jibu na kusema vizuri sana, kaa chini, na darasa zima lianguke kicheko. Wakamwita Redio, kwa sababu redio inaongea na haisikii. Aliniambia hayo mwenyewe tukila mrenda, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Nikasimama nikitaka kwenda kwa mwalimu mkuu wakati huo huo. Akaniambia, nenda, lakini atakuuliza fomu ilijazwaje.

Nikakaa chini.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukaguliwa. Shati nililipiga pasi mimi. Wafula alikuwa ameandika mambo yake yote kwenye karatasi kubwa za manila, azibandike tu, asiwape watoto mgongo. Nikaona hiyo ni akili. Akitoka mlangoni akageuka akaniambia, Mayi, leo usije upande wa madarasa. Nikasema sawa.

Nilipeleka maziwa, nikamimina, nikaosha mtungi. Ningerudi nyumbani. Lakini nilikuwa na Mama Njeri, jirani yangu wa toka zamani, watu wake walitoka Nyeri wakanunua shamba hapa. Mtoto wake ni karani wa benki na haachi kunikumbusha. Nikamwambia, twende tupite dirishani umwone mwalimu.

Ni majivuno. Sina jina lingine la kuyapa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana wa koti la kijivu, amekaa nyuma kabisa na faili kwenye magoti. Na Wafula alikuwa anafundisha, na nasema hivi bila kumpendelea, anafundisha vizuri. Alikuwa ameleta gia mbili za baiskeli, kubwa na ndogo, na mnyororo. Anazungusha kubwa mara moja, watoto wanahesabu ndogo imezunguka mara ngapi. Wale wale wa kupiga miluzi walikuwa wameinuka kwenye viti waone. Mtoto mmoja akasema, kumbe ni hivyo tu? Mimi niliishia darasa la tatu, na hata mimi pale dirishani nikaelewa.

Nafikiri aliifurahia kazi akajisahau. Aliacha karatasi zake, akachukua chaki, akageukia ubao.

Mkaguzi akauliza swali kutoka nyuma. Lilikuwa kwa Kiingereza lakini swali unalijua kwa sauti yake. Wafula akaendelea kuandika. Akauliza tena. Chaki ikaendelea. Watoto wakaanza kutazamana, mmoja akaziba mdomo.

Dirisha letu lilikuwa pale mbele, karibu na ubao. Mkono wangu ukapanda. Nikazungusha kidole. Geuka. Hakuona. Nikazungusha mkono mzima, mtungi ukaniponyoka ukaanguka kwenye simiti, darasa zima likageukia dirishani, na mkaguzi pia. Mtungi wa bati kwenye simiti, na yeye bado anaandika. Aliona mikono yangu pembeni mwa jicho, ndipo akageuka, wa mwisho kabisa.

Aliniangalia mimi kwanza. Halafu akawaangalia wao.

"Mama Wafula," Mama Njeri akaniuliza polepole, "mikono yako inasema nini?"

Kipindi kilipoisha mkaguzi akatoka nje. Alinisalimia vizuri, kwa heshima, akaniuliza nilikuwa namwambia nini mwalimu. Nikamjibu nilikuwa nafukuza nzi. Mtu mzima mimi, meno yaliyobaki unaweza kuyahesabu, ati nafukuza nzi.

Wafula alikuwa ametoka nyuma yake. Aliusoma mdomo wangu.

"Alikuwa ananiambia nigeuke," akasema. "Mimi sisikii, madam. Masikio yalibaki kiwandani."

Sijawahi kumsikia akilisema hilo.

Mkaguzi akafungua faili. Akasema fomu ina muhuri kwamba masikio ni mazima, sasa hilo ni la nani? Mimi nimesimama hapo hapo na mtungi wangu uliobonyea. Wafula akajipiga kifua mara mbili. Ilimtoka tu, mkono ulijiendea wenyewe. Mkaguzi hakujua maana yake. Mimi nilijua.

"Ni langu," akasema.

Na mimi nikanyamaza.

Mkaguzi hakufoka. Afadhali angefoka, kufoka nakujua. Alisema somo limempendeza. Halafu akasema, "Masikio tungeyatafutia njia, mwalimu. Fomu ya uongo siwezi kuifunika." Alama hakumpa. Ijumaa Wafula aende chuoni mbele ya mkuu, na huko anaweza kufukuzwa siku hiyo hiyo.

Tungeyatafutia njia. Nimelirudia neno hilo njia nzima ya kurudi. Huko chuoni wangemwuliza, angewaambia, wangemweka mbele ya darasa waone inakuwaje. Labda wangemkataa. Labda. Lakini sasa wamempata na uongo ambao si wake, na huo ndio utakaomtoa.

Mama Njeri alinisindikiza mpaka langoni kwangu. Hapo akasema mume wake ana nyundo ndogo, mtungi unaweza kunyooshwa, nimletee kesho. Nilikuwa nangoja anicheke. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi.

Wafula alifika saa tisa. Akalivua lile shati, akalikunja, akavaa gambuti akaenda kuwakatia ng'ombe majani kwenye mvua. Sikumwambia aende. Nikamfuata mpaka nyuma ya zizi. Alikuwa ameinama, amenipa mgongo, panga linakwenda.

Nikasema. Nina miaka sitini na moja na maneno hayo sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote, wala baba yao. Nikasema, Wafula, kosa ni langu, si lako, nilikulazimisha, na leo nimekuacha ulibebe mbele ya yule mama. Nikayasema yote.

Panga likaendelea.

Na hili ndilo ninalotaka kuliandika sawasawa, lisije likasomwa vingine. Nilijua hasikii. Sikujisahau. Niliuona ule mgongo nikauchagua. Kumzunguka ilikuwa hatua nne tu, nisimame mbele yake, aone mdomo wangu unavyolisema. Miguu ilikataa. Nikarudi jikoni nikachukua kalamu, kana kwamba nimemaliza kazi.

Saa hizi ni kama kumi na moja, bado kuna mwanga. Ng'ombe wanalia hawajakamuliwa. Namwona kupitia mlango akipanga majani kwenye hori, fungu moja, fungu moja, yote yanalingana. Huyo ni fundi. Huyo angekuwa mwalimu.

Ijumaa nitakwenda naye huko chuoni, apende asipende. Nitakaa mbele ya huyo mkuu nimwonyeshe vidole saba juu ya leso, nimwambie ni hivi tulivyofanya, na mkubwa wa jambo ni mimi. Wakimfukuza, wamfukuze wakijua. Wakiniuliza jina la daktari, sitalitaja. Jogoo nilimpelekea mimi.

Lakini Ijumaa ni rahisi. Mbele ya wageni maneno ninayo.

Kesho ndiyo ngumu. Kesho asubuhi kabla hajavaa gambuti, nitafungua mlango mwanga uingie, nisimame pale atakaponiona uso. Na mdomo ukinigomea tena, mkono ninao. Kifuani, mara mbili, kwa nguvu.