Sauti Iliyokushusha Ukunguni

Mwanangu,

Tangu jana umo mjini na mlango wangu hujaugonga, ila redioni umepata nafasi ya kulia kwamba bila lile taifa kubwa anga yetu ni kipofu. Ndivyo nilivyokulea, utembeze bakuli na tai shingoni? Haya, hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenuna.

Nasikia keshokutwa unatia sahihi mkataba: wao warudishe mafundi na vyombo vyao walivyoondoa, nasi tusifungue mdomo mbele ya mataifa mpaka watupe la kusema. Nilipokuuliza kwa simu ulinijibu mwenye nguvu mpishe. Baba, tumempisha mpaka mgongo umegusa ukuta.

Sasa nisikilize. Jana asubuhi nilipeleka chai kwenye mnara wa kuongozea ndege, maana vijana wetu wamechoka hoi tangu wageni waondoke. Ukungu ulikuwa umefunika kila dirisha. Mkuu wao akanipa kiti, akaniomba ninyamaze, nami, unijuavyo, nikanyamaza. Rada hatuna. Wanaotuangalizia anga ni majirani, wale wa nchi ndogo mnaowaita wachuuzi: wanatueleza kwa redio ndege iko wapi, iko juu kiasi gani. Nikanong'ona kuuliza wanalipwa nini. Mkuu akasema hawajaomba kitu, ila siku wakiita wao, tuitike.

Binti mmoja akashika kipaza sauti, akaiongoza ndege polepole kama anayembembeleza mtoto ashuke ngazi. Mara ule weupe ukapasuka, likatoka dubwana zima, taa zinawaka, likagusa chini kama jani. Nimezaa, nimezika, lakini mwili haujawahi kunisisimka vile. Nilidhani kazi hiyo ni ya watu walioumbwa kwa udongo mwingine.

Ndege ile ndiyo iliyokuleta wewe. Na binti yule ni mwanao, Chiriku. Alikuambia anauza tiketi, nami nikamfichia, kwa kuwa ulishasema mezani kwangu kwamba kazi hiyo hatuna wa kuiweza. Alijua umo ndani. Sauti haikutetemeka. Ulipokwisha kushuka ndipo alipokaa sakafuni akanishika mikono, yake baridi kama maji ya mtungi.

Simfukuzi mkubwa. Akija kama rafiki, kiti kipo. Akija kama mwenye nyumba, aniambie nyumba hii aliijenga lini.

Chiriku anakusalimu, ingawa anakuogopa kuliko ukungu. Nami mama yako nakuagiza: kesho, kabla hujagusa kalamu, panda mnara ule kwa miguu yako, umpe mwanao mkono mbele ya wenzake, kisha shika redio ile ile uwashukuru majirani kwa kinywa chako.