Mbwa wa Ma Kokugonza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bukoba. Tarehe 21/05/2024, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Yasmin Zahoro. Umri: miaka 27. Uraia: Mkenya, mwenyeji wa Mombasa. Dini: Mwislamu. Kazi: msaidizi wa daktari wa mifugo, anajitolea. Makazi: Hamugembe, nyumbani kwa Bi Evodia.

Nilifika Bukoba mwezi Februari kujitolea katika mradi wa ustawi wa wanyama unaoongozwa na Dk. Kagaruki. Kila siku naosha mabanda, napika ugali wa dona na dagaa wa mbwa, natibu vidonda. Wiki nyingine tunakwenda Ngenge, wilayani Muleba, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Waislamu wenzangu mtaani huniuliza nawezaje kushika mbwa. Huwajibu kwamba maji ya kunawa yapo.

Mnamo tarehe 10/05/2024, asubuhi, tuliitwa Kashozi. Bwana Rutaihwa, mkulima, alikuwa ameumwa mguuni na mbwa wa jirani yake Ma Kokugonza, mjane mzee. Mbwa huyo anaitwa Tulia na hakuwa amechanjwa. Tulikuta majirani wameshika mapanga.

Dk. Kagaruki aliwaambia, "Mkimuua leo hatutajua kitu. Tumwangalie siku kumi. Kama kichaa kilikuwa mdomoni mwake, hatazimaliza akiwa mzima."

Bwana Rutaihwa alipelekwa hospitali akaanza sindano. Sisi tulimchukua Tulia hadi kwenye mabanda ya mradi, Hamugembe. Ma Kokugonza alikuwa akija kumtazama kupitia wavu.

Tarehe 13, mchana, alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka na sufuria, banda lilikuwa wazi na mbwa hayupo. Sikumwona akifungua. Nilichukua bodaboda hadi Kashozi, nikamkuta nyumbani kwake, Tulia amefungwa kwenye mguu wa kitanda.

"Ma, umetutia hofu," nilimwambia.

"Waitu, jamani, nimesikia sokoni kwamba mtamchoma sindano ya kufa."

"Anaangaliwa tu, Ma. Hajahukumiwa."

"Basi mwangalie hapa. Tangu nimzike mume wangu, humu ndani tunapumua mimi na huyu tu."

Nilimpigia daktari simu. Alikubali, kwa sharti kwamba mbwa asifunguliwe na mimi nilale pale. Nilikaa. Nilimlisha Tulia, nikajifunza kumenya ndizi, na Ma Kokugonza alicheka sana kwa jinsi nilivyoshika kisu.

Jioni ya tarehe 14 Bwana Rutaihwa alikuja na panga. Alikuwa amesikia kwamba mbwa ametoroshwa bandani, na ameshatoa taarifa ya wizi hapa kituoni. Nilisimama mlangoni. Niliogopa, lakini sikuondoka. Hakupiga kelele.

Alisema, "Binti, wewe ni mgeni. Kaka yangu Karugendo aliumwa na mbwa tukiwa vijana. Tulimletea maji akapiga mayowe kama ameona moto. Tulimfunga kamba sisi wenyewe, mpaka akafa."

Ma Kokugonza alijibu akiwa ndani, "Namkumbuka Karugendo. Nilikuwa msibani. Ingia, umwone huyu akinywa."

Alimwekea Tulia maji kwenye bakuli. Mbwa akanywa yote, akalamba na chini. Bwana Rutaihwa aliweka panga sakafuni, akakaa kwenye kizingiti, akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tangu hapo alikuja kila jioni bila panga. Alingoja mpaka mbwa anywe, ndipo alipokwenda zake.

Jana, tarehe 20, muda ulitimia. Dk. Kagaruki alimpima Tulia, akamkuta mzima, akamchanja. Aliyemshika mbwa kichwa wakati wa sindano ni Bwana Rutaihwa.

Afande ameniuliza kama Ma Kokugonza, aliyeletwa hapa leo asubuhi, aliiba. Mbwa ni wake. Alikosea kumtoa bila kutuambia. Nasi tulikosea, kwa sababu yale tuliyowaeleza wanaume wenye mapanga hatukukaa chini kumweleza yeye.

Nimeeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni sahihi.

Sahihi: Y. Zahoro

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Koplo Mwijage, bila kumshurutisha shahidi. Mlalamikaji, Bwana Rutaihwa, amefika kituoni na kueleza kuwa hana tena malalamiko. Mtuhumiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa kuwa mama huyo ni mzee, mlalamikaji ameomba amsindikize, njia yao ikiwa moja. Nimewaruhusu.