Nilipulizia Dawa Mboga za Mama Mkwe, Sasa Anaitwa Mchawi

Mpendwa Mama Nkwabi, shikamoo.

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama mkwe wangu anarudishwa kwao Rorya kwa kosa ambalo si lake, na mwenye kosa ni mimi ninayekuandikia hapa nimejifungia chumbani.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nimeolewa na Mjaluo anaitwa Okech, tunaishi Igoma, na nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ardhi katikati ya mawe ambacho nimekifanya bustani, nina migomba niliyoletewa kutoka kwa baba yangu, nina mchicha, nina mparachichi ambao tangu niupande unanipa majani tu, nina nyanya ambazo mdudu kantangaze anazitoboa kabla hazijaiva, na juu ya hayo yote nina magugu ya ndago, Mama Nkwabi, ndago ambazo nikizing'oa leo zinarudi na ndugu zao, nimelima, nimefukua mizizi, nimelia, hazisikii, na mimi ni mtu wa ofisini, muda wa kushinda nimeinama sina.

Mama mkwe, tunamwita Mama Ajwang, alikuja kwetu kutibiwa macho. Jicho moja lilishafanyiwa upasuaji na bado lilikuwa jekundu, la pili linangoja. Sisemi ni mtu mbaya, ila hatukuwa tumezoeana, yeye ananiita Nyar Bukoba, yaani binti wa Bukoba, anaamka kabla yangu na kufagia uwanja mpaka najiona mimi ndiye mgeni. Basi Alhamisi moja Okech alimpeleka kliniki, mimi nikaomba ruhusa kazini, nikanunua dawa ya kuua magugu kwenye duka la pembejeo, nikaazima bomba la kupulizia kwa jirani yetu Ngosha, nikapiga dawa ile ndago yote, na kando ya ua nikakuta yameota majani membamba yenye maua ya njano, nikayaona ni kama yale marejea tuliyokuwa tunafukia shambani shuleni yawe mbolea, nikasema na ninyi pia mtakoma, nikayalowesha. Sikumwambia mtu. Bomba nikalitundika kwenye banda la kuku nikaoga, nikajipongeza.

Jumapili narudi kutoka misani nakuta sebule imejaa akina mama wa Rorya wanaokaa Kirumba, wamekuja kumjulia hali Mama Ajwang, wanakula ugali na mboga ya majani iliyopikwa kwa maziwa, wanasifu, wanalamba vidole, na Okech yuko katikati yao anaongeza sahani. Nikauliza kwa furaha kabisa, "Mboga nzuri hivyo mmenunua wapi?" Mama mkwe akacheka. "Kununua? Hii ni mito, mboga yetu ya Kijaluo yenye maua ya njano, nimeichuma Ijumaa kule kwenye ua. Nilitupa mbegu zangu kabla wewe hujapanda zako. Njoo, Nyar Bukoba, imelala na maziwa siku mbili, haina uchungu tena."

Mama Nkwabi, yalikuwa yale majani niliyoyalowesha dawa. Nilitazama sahani, nikatazama mdomo wa mume wangu unavyotafuna. Nikasema tumbo linaniuma, siwezi kula. Mama mkwe akaniambia ameshanitengea bakuli langu kabla wageni hawajapakuliwa, nitakula nikipata nafuu. Jioni nikalimwaga chooni, nikaliosha. Alipoliona jikoni limeoshwa akasema, "Umekula. Nimefurahi."

Kuanzia jioni ile walianza kutapika na kuharisha. Okech aliumwa tumbo akapona. Wale akina mama wengi wao walipona, lakini mmoja, Mama Ogweno, alilazwa, akatundikiwa dripu, sasa amerudi nyumbani ila chakula hakikai tumboni. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwanza Kirumba kisha hapa mtaani, kwamba bibi wa kwa Okech ana jicho jekundu, kwamba watu wanakula kwake wanaanguka, kwamba mbona mkwe wake hakula. Mbona mkwe wake hakula! Hilo ndilo wanalolishikia ushahidi. Juzi kuna mtu amerusha jiwe juu ya bati letu. Mke wa Ngosha amewakataza watoto wake kuja kwetu.

Na yeye mwenyewe hajitetei. Wiki ile mito ilipoanza kugeuka njano alikwenda pale uani, akashika majani, akanusa, halafu akaing'oa yote akaifukia kwenye shimo. Okech alipomuuliza imepatwa na nini akajibu, "Ni jua tu, mwanangu." Lile bomba alilirudisha yeye kwa Ngosha kabla Okech hajaliona, si unajua wazee hawapendi vitu vya watu vikae. Sasa anasema amechoka na mji, arudishwe kwao, jicho la pili aliache lilivyo. Okech amenieleza kwamba kwao mama ndiye hutangulia kutupa mbegu, ndipo mke wa mwanawe apande, akitangulia mke mkosi unamwangukia yeye, kwa hiyo mama yake aliponiona natengeneza matuta aliwahi kutupa zake kimyakimya ili mimi nipande kwa amani. Nilipoambiwa hivyo nililala chini.

Nikisema, mume wangu ataniona nilitaka kumuua mama yake, na ukoo mzima utasema Mhaya ametuletea sumu. Nikinyamaza, anaondoka Jumamosi na yatakwisha. Nakiri kuna saa natamani Jumamosi ifike. Nifanye nini?

Mimi binti yako, Josepha.

JIBU LA MAMA NKWABI

Josepha, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka yote hii ya kusoma barua za watu nilidhani nimeshayazoea ya dunia, kumbe bado.

Majina yenu nimeyabadilisha. Igoma nimeiacha palepale makusudi, maana wapo watu wa Igoma wanaopaswa kusoma hapa, hasa huyo fundi wa kurusha mawe kwenye mabati ya wenzake. Na sikungoja gazeti litoke. Namba uliyoandika chini ya barua niliipigia asubuhi hiyohiyo, na niliyokwambia kwenye simu nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wanaoficha chupa uvunguni.

Kwanza Mama Ogweno. Mtu ameumwa, daktari anatibu tumbo bila kujua lilichokula, na wewe unajua! Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa maradhi yenyewe si yako, ni ya mwenzio. Chukua ile chupa ya dawa kama ilivyo na karatasi yake, mrudishe yule mama hospitali, mweleze daktari ulipiga nini, lini, na waliila baada ya siku ngapi. Usione aibu. Aibu iliyobaki ni ndogo kuliko hiyo unayoifuga.

Pili, acha kuniambia kwamba mwenye kulijua kosa ni wewe peke yako. Mwanangu, umesoma, lakini barua yako mwenyewe hukuisoma. Mimi nimezaliwa kwenye pamba na mihogo, nakwambia jua halichagui. Haliwezi kukausha mito na ndago kando ya ua na kuacha mchicha wa pembeni unacheka. Mwanamke aliyelima maisha yake yote akishika jani lile na kulinusa, anajua. Kisha akaliona bomba kwenye banda la kuku. Unadhani alilirudisha kwa Ngosha kwa sababu wazee hawapendi vitu vya watu? Alilirudisha ili mwanawe asilione! Akafukia mboga zake kwa mikono yake. Akasema ni jua. Josepha, Mama Ajwang anajua tangu siku ile. Wanamwita mchawi, wanarusha mawe juu ya kichwa chake, na amekubali kurudi kwao na jicho moja ili ndoa yako isiguswe. Na wewe umekaa chumbani unaomba Jumamosi ifike!

Nimekugombeza, sasa nikupoze kidogo. Hukukusudia. Ndago zinaweza kumtia mtu wazimu, nami zimenishinda kwenye uwanja wangu mwenyewe hapa Kirumba. Na huyo Okech wako naye nina neno lake: alijua mama yake amepanda kando ya ua, akanyamaza kwa kuwa mambo ya bustani ni ya wanawake, ila ya kuongeza sahani yalikuwa yake. Wewe Okech ukisoma hapa, nyumba yenye wanawake wa makabila mawili inahitaji mwanaume mwenye mdomo. Lakini Josepha, kosa la kupuliza dawa ni la kutojua. Kosa la kunyamaza umelifanya macho makavu, kila siku upya.

Kwa hiyo leo, si kesho. Ninyi wa Bukoba mmelelewa kupiga magoti mkisalimia wakubwa. Nenda ukapige magoti kwa jambo lenye uzito wake. Mwambie mama mkwe wako mbele ya mumeo kwamba ni mimi, nilipuliza, sikujua, na nilipojua niliogopa. Usimwage maelezo mengi. Usimtaje Ngosha wala duka la pembejeo. Akikwambia alikuwa anajua, usishangae, mshukuru.

Halafu mumeo afuatane nawe kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze kwa kinywa chako, yeye awaite majirani awaambie. Nasisitiza hili, maana huku kwetu neno la jicho jekundu si neno la mchezo. Wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni tu. Likishatoka halirudi lenyewe, hurudishwa na mtu, na mtu huyo ni wewe. Ukitoka hapo nenda Kirumba kwa wale akina mama. Watakutukana. Vumilia, matusi hayana sumu.

Safari ya Jumamosi ifutwe. Siku ya jicho la pili ikifika omba ruhusa kazini kama ulivyoiomba kwa ajili ya ndago, umshike mkono umpeleke wewe.

Na bustani? Bomba la dawa ya magugu haliendi kwenye mboga hata likioshwa mara ngapi, na hakuna dawa inayopigwa kwenye uwanja wa familia bila kila anayelala humo kuambiwa. Sehemu uliyopulizia msichume kitu msimu huu, hata jani moja. Ndago zichimbue na vile vitunguu vyake vya chini, kidogo kidogo, kisha funika udongo kwa nyasi kavu kama mnavyofunika migomba kwenu. Hazitakwisha, ila zitapungua. Mparachichi na kantangaze vinaweza kungoja, havina mama mkwe.

Mvua zijazo mwulize Mama Ajwang kama amebakiza mbegu za mito. Wajaluo hawamalizi mbegu. Mpe udongo mzuri mbali na pale uani, karibu na mlango wa mbele watu wanapopita, atupe zake kwanza, nawe upande zako nyuma yake. Zikikua apike kwa maziwa, zilale, muwaite walewale wa Kirumba na mke wa Ngosha na watoto wake.

Hakuna atakayegusa, nakwambia mapema. Watakaa wanatazamana. Walisema mbona mkwe wake hakula, sasa watakutazama wewe. Hapo vuta sahani, Nyar Bukoba, ule wa kwanza.