Nusu ya Wimbo Uliyotuachia, Msusi

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu mikono yako inyamaze. Watu wanasema umepumzika. Umepumzika wapi, wewe ambaye hata usingizini vidole vilikuwa vikicheza juu ya shuka?

Ulikuwa msusi, na wateja wako waliijua adhabu yao. Redio ya saluni ikipiga wimbo unaovuma, unaacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima kama kimeona nyoka, unamgeukia mdogo wako aliyekaa akikuchambulia nywele. Yeye ni kiziwi tangu utotoni. Anaweka kiganja juu ya spika apate ngoma, nawe unampa maneno kwa lugha ya alama, mabega yakicheza, uso ukilia pale mwimbaji anapolia. Mteja akinung'unika unamwambia angoje kiitikio kiishe, nywele hazikimbii.

Kaka yako mkubwa aliita hayo kufukuza nzi. Mjomba wako, ndugu yangu wa tumbo moja, alisema unatutia aibu harusini. Hakujua yaliyokuwa yakimpata. Mwimbaji akisifu macho ya mpenzi wake, mikono yako ilikuwa inasimulia jinsi tumbo la mjomba lilivyovishinda vifungo vya koti. Viziwi wa meza ya nyuma walicheka hadi machozi, na mjomba akawahurumia, maskini, hawajui kwamba huu ni wimbo wa mapenzi. Mimi nilijua, maana mdogo wako alinichorea lile tumbo hewani. Nikanyamaza. Raha kama hiyo haigawiwi ovyo.

Kisha kiharusi kikaja, na kwa ubaya wake kikaanza na mkono wa kulia. Pale wodini mkono huo ulilala kando yako kama kitu cha mtu mwingine. Siku moja simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili ikapiga wimbo ule ule wa macho ya mpenzi. Ukainua mkono wa kushoto. Mdogo wako akapanda kitandani, akaleta mkono wake wa kulia. Mkaimba hivyo, mkono wako na mkono wake, mkafika penye tumbo la mjomba mkacheka. Muuguzi aliyekuja kumteremsha akabaki amesimama na trei yake. Huo ndio ulikuwa wimbo wako wa mwisho.

Sasa sikia hili, maana halijanitoka rohoni. Siku ya kukuzika, mjomba wako alileta spika kubwa na mtu aliyevaa glavu nyeupe, eti asimame mbele kwa ajili ya viziwi. Yule mtu alipunga mikono huku na huku kama anayeanua nguo mvua ikianza. Mdogo wako alimtazama sana, kisha akanigeukia, akaniuliza kwa vidole, "Anasema nini?" Nikamwuliza mjomba wako mtu huyo kajifunzia wapi.

"Dada, nani atajua?" akasema. "La muhimu tuonekane tumewajali."

Wakakusifu mpaka sauti zikawakauka, na aliyekupenda kuliko wote akaondoka kaburini bila kuambiwa hata neno moja. Wameniomba nisamehe. Nimewaambia nitalifikiria nikishakufa.

Kwa kumbukumbu hii walitaka spika tena. Nimekataa. Jumamosi, nyumbani kwangu, mdogo wako ataimba wimbo ule wa wodini, kimya. Mkono wa kulia ni wake. Wa kushoto ni wangu. Amenifundisha nusu yako mwaka mzima, na nikikosea ananichapa vidole kama mtoto wa shule. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe msusi ulilijua hilo kuliko sisi. Vyangu vimepinda kama tangawizi, lakini vinafika.

Kiti cha mbele kabisa nimemwekea mjomba wako. Akae asielewe kitu, kama mdogo wako alivyosimama pale kaburini. Lile la tumbo hatujalitoa.

Unakumbukwa na mama yako, mdogo wako, kaka yako mkubwa na mkewe, wateja wako wote, ambao mpaka leo wanasukwa kichwa kizima na hawajazoea, na mjomba wako, ambaye nimemwandika kwa sababu ni ndugu yangu.

Hatutakusahau, mwanangu. Siku zote, kwa mikono miwili.