Mama wa Mwanaasha Kwenye Karatasi

S.L.P. 35208,
Tegeta,
Dar es Salaam.

14 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Nusaiba,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako niliisikia kwenye simu, marahaba. Natumaini joto la Muscat limeanza kupungua na kile kifua kimepona, na kwamba kazi ya maabara inakwenda vizuri. Sie huku hatujambo. Magoti yangu yanauma kama siku zote, na sukari ya mkazamjomba wako Tabu imetulia tangu aache chai ya maziwa. Mwanao Mwanaasha ni mzima. Ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi kupitia pengo mpaka nyumba nzima inamwomba anyamaze.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Nimeamua kuiandika kwa sababu simu umenikatia mara mbili, na barua huwezi kuikata.

Nianze na utaratibu, maana naona umeusahau. Pasi ya kusafiria ya mtoto haitoki bila cheti cha kuzaliwa. Cheti nacho hakitoki bila tangazo la kizazi, ile karatasi ambayo zahanati humpa mzazi siku anapotoka wodini. Maofisa hawamjui Mwanaasha, wanaijua karatasi. Kosa lililoandikwa kwenye ile ya kwanza litatembea mpaka kwenye ya mwisho.

Uliponiomba nishughulikie cheti ili Mwanaasha akufuate huko Muscat nilikubali bila kusita. Dada yako Hija akaleta tangazo ndani ya bahasha ya kaki, tukaenda naye mpaka dirishani kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Sikuifungua ile bahasha. Mimi, niliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, nilipokea karatasi bila kuisoma kwa kuwa imetoka mikononi mwa watoto wa dada yangu.

Kijana wa dirishani akaisoma, akauliza, "Mzee, mama wa mtoto ndiye Hija Athumani?"

Nikamwambia hapana, ni Nusaiba Athumani. Hija ni mama yake mkubwa, huyu hapa.

"Karatasi inasema Hija."

"Basi karatasi imekosewa."

"Basi rudini zahanati, mzee wangu. Mie siwezi kubadilisha."

Nilipandisha sauti, Nusaiba. Nilimwambia nilikuwa naandika hati za kiapo kabla mama yake hajaolewa. Nilisema manesi wa siku hizi wanaandika huku macho yapo kwenye simu. Foleni nzima ikaniunga mkono. Mama mmoja mwenye kikapu akawa ananichochea, "Wape, baba, wape! Wamezidi hawa!" Na mimi nikazidi kuwapa. Hija alikuwa kwenye benchi, kainamisha kichwa. Mwishowe akanivuta mkono wa koti akasema, "Mjomba, naomba tutoke nje kwanza."

Huko nje, tumesimama kwenye jua, ndipo nikaambiwa jambo ambalo mmelificha miaka saba. Kwamba uchungu ulipokushika hukuwa na bima. Kwamba walipotaja kukupasua uliingiwa na hofu, ukamlilia dada yako, naye akakupa kadi yake ya bima aliyopewa kwa ajili ya kazi yake ya ualimu. Mnafanana, hakuna aliyekutazama mara mbili. Kwa siku tatu pale wodini ukaitwa Hija, na mwanao akaandikwa mtoto wa Hija.

Hofu ya mwanamke mwenye uchungu siilaumu. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa hilo peke yake nisingekuandikia kwa ukali. Lakini jina la baba ulilitaja kwa usahihi, marehemu mumeo Suhaib, Mungu amrehemu. Je, umewahi kukaa ukafikiri hiyo karatasi inasema nini? Inasema Hija alizaa na shemeji yake. Mumewe alipoisoma alicheka, lakini alicheka vibaya, na siku mbili hakula nyumbani.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha usingizi. Wiki jana ulinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nne ili nisije nikakusingizia. Ulisema, "Mjomba, wewe andika tu kwenye hati ya kiapo kwamba nesi alichanganya majina. Unajua lugha zao za mahakamani. Nani atafuatilia?"

Nitakueleza nani. Nilikwenda Tabata kwenye ile zahanati. Nesi aliyekuzalisha anaitwa Vaileth, bado yupo, na anakukumbuka kwa sababu ulimng'ata mkono. Akalishusha daftari la wodi la mwaka ule kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akanionyesha mstari wenyewe. Hija Athumani, miaka thelathini na minne, mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza, Nusaiba! Wakati ule Hija alikuwa na watoto watatu.

Nesi Vaileth akaniambia, "Mzee, jina niliambiwa. Mimba ya kwanza niliiona mwenyewe. Yote mawili nimeyaandika. Sasa nyie mnataka kuniandika mimi nini?"

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Nilimwomba radhi kwa niliyoyasema dirishani, ingawa hata hakuyasikia, na kesho yake nikamwomba radhi yule kijana pia. Wewe ulitaka nimtwishe kosa lako mwanamke aliyempokea mwanao kwa mikono yake. Na ulitaka niape kwa uongo, mimi ambaye nimeona watu wakifungwa kwa hati nilizozichapa mwenyewe. Hati ya kiapo si barua ya kuomba udhuru shuleni. Uongo ulioapiwa ni kosa la jinai, na daftari la Vaileth lingetuumbua siku ya kwanza.

Nilipanga nikungoje kwanza. Hija hakungoja. Jumatatu alimweleza mwalimu mkuu wake habari ya kadi, kwa mdomo wake, kabla hajaulizwa na mtu. Watu wa bima wataamua nini hatujui. Huenda wakamdai, huenda kazi ikaondoka. Kabla ya hapo nilimsihi asubiri wiki moja. Akasema, "Mjomba, muda wa kuomba kibali cha mtoto kwenda kwa mama yake unaisha Desemba. Nikisubiri nipate ujasiri, mtoto atabaki hapa."

Kisha tukaenda kwa hakimu. Hija alitakiwa aisome hati yake kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka pale pasemapo, "mimi siye mama mzazi wa mtoto Mwanaasha Suhaib." Hapo akaishusha karatasi. Kumbuka, huyu ndiye amemsuka nywele mwanao tangu ulipoondoka, amekesha naye kwa surua, na shuleni ndiye anayeitwa kwenye vikao vya wazazi. Akaiinua tena karatasi, akaurudia mstari wote, akatia sahihi.

Hati yako imo ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mwenyewe na ni fupi. Inasema uliiomba kadi, uliitumia, na wewe ndiye uliyemzaa Mwanaasha. Nesi hayumo. Nenda ubalozini, uape mbele ya ofisa, umrudishie jirani yetu aliyekuletea. Anarejea Dar tarehe ishirini na nane. Usinipigie kuniomba nipunguze neno.

Msalimie sana Bi. Zubeda aliyekupangisha chumba, mwambie namshukuru kwa kukuangalia. Hapa Tabu anakusalimu. Hija pia anakusalimu, na amenikataza nisikugombeze. Unaona jinsi nilivyomtii. Mwenyezi Mungu akupe afya, riziki ya halali na moyo wa kusema kweli.

Lakini ujue mambo yalivyo leo hii ninapoandika. Hija ameshaapa kwamba siye. Wewe hujaapa kwamba ndiye. Mwanaasha yuko uani anaruka kamba, na hana mama katika karatasi yoyote.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata sasa,

Suleiman